Nimeondoa kubuntu-desktop lakini KDE yote bado ipo: apt inaondoa nini hasa?

#1 Bandolangu
Wakuu habari. Natumia Ubuntu 24.04 ya kawaida yenye desktopu ya GNOME. Hivi karibuni nilitaka kuionja KDE, desktopu nyingine, nikatumia apt (chombo cha kuweka na kuondoa programu), nikaandika:

`sudo apt install kubuntu-desktop`

Ikashusha pakeji (mafungu ya programu) kwa mamia na bando likaenda, hilo nililitegemea. KDE ni nzuri, ila diski ya laptopu yangu ni ndogo na nimeamua kurudi GNOME. Nikaandika `sudo apt remove kubuntu-desktop`. Ikasema itaondoa pakeji moja. Moja! Nafasi itakayopatikana ni kilobaiti tu. Nikafuatisha `sudo apt autoremove`, ile ya kufagia visivyohitajika tena, ikatoa vitu vichache ikanyamaza. Dolphin ya kufungulia mafaili ipo, Konsole ambayo ni terminali ipo, Plasma ambayo ni desktopu yenyewe ipo, hata skrini ya kuingilia bado ni ile ya KDE.

Kama apt ilijua kuvileta vyote, kwa nini haijui kuvitoa? Dai langu: mfumo huu wa vitegemezi (pakeji ambazo pakeji nyingine inazihitaji) umetengenezwa vizuri upande wa kuingiza, upande wa kutoa umetelekezwa. Anayebisha aje na hoja.

#2 Mgeni wa Terminali
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Mimi ni hivyohivyo kwa XFCE.

#3 Fundi wa Kariakoo
Mkuu #1, kubuntu-desktop yenyewe haina programu ndani. Ni metapakeji, yaani orodha ya manunuzi. Ukiichana orodha, unga na sukari havirudi dukani. Ndiyo maana ikasema pakeji moja na kilobaiti chache. Kinachosafisha ni autoremove.

#4 Bandolangu
Fundi, soma vizuri. Autoremove nimefanya na nimeandika hapo juu. Swali ni kwa nini haikusafisha.

#5 Shangazi Debian
Ngojeni niweke msingi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

apt ina daftari lake, `/var/lib/apt/extended_states`. Kila pakeji ina hadhi ya aina mbili: umeiomba wewe kwa jina, au imeletwa ili kumsaidia mwingine. Autoremove inaanzia kwa zile ulizoziomba, inafuata kamba za vitegemezi hadi mwisho, na kila isiyofikiwa na kamba yoyote ndiyo inayoondolewa.

Sasa, kamba ziko za aina tatu. Ya kwanza Depends: bila hicho programu haiwezi kufanya kazi. Ya pili Recommends: inafanya kazi, ila kwa kawaida utakihitaji. Ya tatu Suggests: ukipenda. Tangu Debian 5.0 (Lenny) ya mwaka 2009, apt inaweka za aina ya pili bila kuuliza. Na wakati wa kusafisha autoremove inaziheshimu zote tatu, hadi Suggests. Yaani ikiwa kuna kiprogramu kimoja kilichobaki kinachosema "ningependa uwepo wa fulani", fulani habanduki.

Kuingiza kunafuata kamba mbili, kutoa kunazuiwa na kamba tatu. Jaribu hii. Ile `-s` ni ya kuigiza tu, haitagusa kitu:

`apt -s -o APT::AutoRemove::RecommendsImportant=false -o APT::AutoRemove::SuggestsImportant=false autoremove`

#6 Kisiwani
Shangazi umefafanua vizuri, lakini mimi nadhani sababu ni nyepesi zaidi. Pakeji za KDE zinategemeana zenyewe kwa zenyewe. Hii inamshika yule, yule anaishika hii. Mzunguko huo autoremove haiwezi kuuvunja.

#7 Mlinzi wa Seva
Hapana Kisiwani. Rudi kwenye #5: hesabu inaanzia kwa zilizoombwa kwa jina. Pakeji mia zikishikana mikono bila kushikwa na mtu wa nje, zote mia zinaondoka kwa mpigo. Mzunguko ungekuwa tatizo kama apt ingehesabu tu "nani ananihitaji", na haihesabu hivyo.

Mimi nashuku kitu kingine. Fungua `/etc/apt/apt.conf.d/01autoremove`. Utaona kipengele kinaitwa `Never-MarkAuto-Sections`, na ndani yake kuna sehemu ya metapackages. Watengenezaji waliamua kwamba metapakeji ikiondoka, watoto wake, yaani pakeji za kwenye orodha yake, wahesabiwe umewaomba wewe kwa jina, kwa sababu nzuri kabisa. Fikiria mtu anaondoa mchezo mmoja wa karata usiompendeza, mchezo huo uko kwenye orodha ya metapakeji ya desktopu, metapakeji nayo inalazimika kuondoka, halafu autoremove inakuja kufagia desktopu nzima. Kipengele hicho kipo kumkinga mtu huyo. Wewe Bandolangu kinga hiyo imekuangukia.

#8 Kofia ya Bluu
Nyie watu wa Debian na Ubuntu iliyotokana nayo mnateseka bure. Huku Fedora tuna dnf badala ya apt, na `dnf remove` inaondoa na vitegemezi visivyohitajika tena, hapohapo, hakuna amri ya pili. Na ukitaka kurudisha siku nyuma: `dnf history`, unaona namba ya shughuli, `sudo dnf history undo 42`, kila kilichoingia kwenye shughuli hiyo kinatoka. Njooni nyumbani.

#9 Shangazi Debian
Kofia, karibu kwenye uzi, tulikuwa tunakusubiri. Kuondoa hapohapo ndiko kunakoniogopesha. Na hiyo undo inafanya kazi vizuri kwa vitu vipya vilivyoingia. Kwa vilivyopandishwa toleo, itahitaji toleo la zamani liwe bado lipo ghalani, kule mtandaoni pakeji zinakoshushwa. Likishaondolewa, undo inakwama.

#10 Kofia ya Bluu
Hilo la toleo la zamani ni kweli, silipingi. Lakini kesi ya Bandolangu ni vitu vipya tupu. Angekuwa kwetu angemaliza kwa mstari mmoja.

#11 NyumbaniArch
Sisi wa Arch tuna pacman badala ya apt: `pacman -Rns`, inatoka na vitegemezi vyake. Uzi ufungwe.

#12 Mlinzi wa Seva
Haufungwi. Hata kwako, ile `s` ya `-Rns` inaacha kila kilichowekwa kwa jina. Na `plasma` huko kwenu ni kundi: ukiweka kundi, kila mwanachama wake anahesabiwa umemwomba wewe. Ukisahau kutaja kundi wakati wa kuondoa, `pacman -Qdt`, inayoorodhesha vitegemezi visivyo na kazi tena, haitakuonyesha hata moja.

#13 NyumbaniArch
Sawa mzee, hapo umenipata. Ila kundi naondoa kwa jina lake na linatoka lote.

#14 Ticha wa Maabara
Wakuu naomba niseme jambo la tahadhari kabla Bandolangu hajaanza kufyeka. Kuna kijana wa mafunzo kwenye ofisi fulani alitaka Python mpya zaidi, akaona ya zamani inamsumbua, akaandika `sudo apt remove python3`. apt ikamtandazia orodha ndefu ya vitakavyoondoka, akabonyeza Y bila kusoma. Zana za Ubuntu zenyewe zimeandikwa kwa Python, kwa hiyo ubuntu-desktop ikaondoka na ndugu zake. Alipowasha upya akakutana na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi.

Tuliokoa hivi: Ctrl+Alt+F3, kuingia kwa maandishi, simu ikachomekwa kwa USB itoe intaneti, kisha `sudo apt install ubuntu-desktop`. Faili zake za nyumbani zilikuwa salama. Ila asubuhi nzima ilikwenda.

Hebu msome orodha. Mistari ya "The following packages will be REMOVED" haikuwekwa kwa ajili ya mapambo.

#15 Mgeni wa Terminali
Kumbe ukiondoa kitegemezi, wanaokitegemea wanaondoka nacho? Mimi nilidhani apt itakataa.

#16 Shangazi Debian
Ndiyo, vinaondoka pamoja, na hili linawachanganya wengi. Kuna mielekeo miwili. Ukiondoa programu, vitu vilivyo chini yake vinabaki hadi autoremove. Ukiondoa kitu cha chini, vilivyo juu yake vinaanguka papo hapo. apt haiwezi kuacha programu ikiwa imesimama juu ya kitu kisichopo.

#17 Fundi wa Kariakoo
Kuongezea #14: Novemba 2021, Linus wa chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips alijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, aina ya Linux iliyotokana na Ubuntu. Ghala siku hizo lilikuwa na kasoro ya matoleo, Steam na desktopu haviwezi kukaa pamoja, apt ikapata suluhisho la kuondoa desktopu. Ilimwonya, ikamtaka aandike sentensi nzima "Yes, do as I say!" Akaandika. Desktopu ikaondoka mbele ya watazamaji wote. Baada ya hapo apt 2.3.12 iliifuta sentensi hiyo. Siku hizi lazima uweke mwenyewe `--allow-remove-essential`.

#18 Kisiwani
Basi hilo linaunga mkono dai la #1! Kazi ilikuwa kuweka programu, mashine ikachagua kuondoa desktopu. Upande wa kutoa haujafikiriwa.

#19 Mlinzi wa Seva
Umefikiriwa sana, kaka. Kinachokosekana ni apt kujua nia yako. Inaona hesabu: pakeji gani zinaweza kuishi pamoja. Haijui kwamba kwako desktopu ni muhimu kuliko mchezo.

#20 Bandolangu
Wakuu nimerudi na majibu. Amri ya Shangazi (#5) ya kuigiza imetaja vitu zaidi ya autoremove ya kawaida, ila bado Plasma haimo. Nikaandika `apt-mark showmanual` nikapitia orodha ya zilizoombwa kwa jina. Kate, kihariri cha maandishi cha KDE, imo, hiyo niliiomba mwenyewe. Okular ya kusomea PDF imo, sikumbuki. Na plasma-desktop imo! Hiyo sijawahi kuiandika kwa jina hata siku moja.

#21 Mlinzi wa Seva
Nilisema #7. Metapakeji imeondoka, watoto wake wakapandishwa hadhi. Ushahidi ndio huo.

#22 Shangazi Debian
Inawezekana, lakini tusikimbilie. Mbona watoto wengine wa orodha hiyohiyo hawakupandishwa? Kuna njia nyingine inayotokea kila siku. Ukiandika `apt install` ya kitu ambacho tayari kipo, apt inajibu kwamba ni toleo jipya tayari, halafu inaongeza "set to manually installed". Mstari mdogo, watu hawauoni. Bandolangu, hukuwahi kunakili amri za mtandaoni za kurekebisha kitu kwenye KDE? Maelekezo mengi huanza na `apt install plasma-desktop` kwa ajili ya uhakika.

#23 Bandolangu
Sauti ilisumbua siku moja, nikafuata maelekezo ya video. Siwezi kukataa wala kukubali.

#24 Ticha wa Maabara
Ushahidi upo, hakuna haja ya kukumbuka. `/var/log/apt/history.log`. Kila shughuli ina tarehe, mstari wa Commandline unaoonyesha amri yenyewe, na orodha ya vilivyoingia. Vilivyoletwa kama wasaidizi vimeandikwa `automatic` pembeni. Logi za zamani zinabanwa, kwa hiyo tumia `zgrep plasma-desktop /var/log/apt/history.log.*.gz`.

Faida ya pili: hapo ndipo kuna orodha kamili ya kila kilichoingia siku ya kubuntu-desktop. Unaichukua hiyo, unaipa `apt purge`, unaigiza kwanza kwa `-s`. Hiyo ndiyo undo ya Kofia ya Bluu, kwa mkono.

#25 Kofia ya Bluu
Kwa mkono mwaka huu jamani.

#26 Pwani Code
Ndugu zanguni, salamu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote na naona mmesahau jambo. Vitegemezi vingine huwa na uchaguzi: "nahitaji A au B", au jina la kazi badala ya jina la pakeji. Mfano `x-terminal-emulator`. Si pakeji halisi, ni kazi. Konsole inaitoa na gnome-terminal inaitoa. Sasa kuna kitu kwako kinasema nahitaji x-terminal-emulator, na Konsole ipo, apt inaiona Konsole kama mmoja wa wanaotimiza hitaji hilo na haitaitoa, hata kama nyingine ipo pia. Jaribu:

`aptitude why konsole`

Itakuchorea kamba kutoka kwenye kitu ulichokiomba hadi Konsole. aptitude utaiweka kwanza, haiji na Ubuntu.

#27 Shangazi Debian
Pwani, hoja nzuri, nami naamini kwa Konsole uko sahihi. Kwa plasma-desktop sidhani.

#28 Kisiwani
Aliyeleta haya mambo ya vitegemezi ni Ubuntu. Zamani Linux ulikuwa unashusha, unafungua, unatumia.

#29 Fundi wa Kariakoo
Kisiwani acha hizo! Ubuntu ya kwanza ni Oktoba 2004. Debian ilianza 1993 na dpkg, chombo cha chini ambacho apt inakitumia kufungua pakeji, ikawapo miaka hiyohiyo ya mwanzo. apt imo tangu Debian 2.1 ya Machi 1999. Na hata autoremove, aptitude ilikuwa nayo kabla ya apt-get. Hiyo "zamani" unayoisema ni ya kujenga kutoka kwenye msimbo, `make install`, ambapo hakuna daftari lolote la kuonyesha kilichowekwa wapi. Ukitaka kuondoa unaomba mwandishi awe ameweka `make uninstall`.

#30 Mgeni wa Terminali
Swali dogo. Nikishusha faili la .deb kwenye tovuti, `dpkg -i` inalalamika vitegemezi havipo.

#31 Mlinzi wa Seva
dpkg haijui ghala, inafungua ulichompa tu. Andika `sudo apt install ./faili.deb`, usisahau `./`, apt itavuta vitegemezi. Kama ulishatumia dpkg na imekwama nusu, `sudo apt --fix-broken install`. Ila soma: wakati mwingine suluhisho lake ni kuliondoa hilo faili lako.

#32 Nyuki wa Mwanza
Mimi nimeachana na haya yote. Flatpak. Kila programu inakuja na vyake, ukiondoa inaondoka, mfumo hauguswi.

#33 Bandolangu
Nyuki, jina langu ni Bandolangu. Kiprogramu kimoja cha Flatpak kilitaka kunishushia msingi mzima wa GNOME kabla ya chenyewe.

#34 Nyuki wa Mwanza
Msingi unashuka mara moja, programu zinazofuata zinautumia huohuo. Na usafi ni `flatpak uninstall --unused`.

#35 Mlinzi wa Seva
Yaani na huko kuna autoremove, kwa jina jingine. Ila mimi nina sababu nzito zaidi ya bando. Aprili 2014 lilipotoka tundu la usalama la Heartbleed kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na programu nyingi, kwenye seva za Debian tulisasisha pakeji yake moja, libssl, tukawasha upya huduma zinazoitumia, programu zote zikapona. Kila programu ingekuwa na nakala yake, ungemsubiri kila mwandishi kwa wakati wake. Vitegemezi vya pamoja ndivyo vinavyotulinda, na usumbufu wa kuondoa ni bei tunayolipa.

#36 Nyuki wa Mwanza
Kwenye seva nakubali. Kwenye laptopu ya mwanafunzi sikubali.

#37 Ticha wa Maabara
Tukiwa kwenye bando: shule zisizo na intaneti kuna `apt-offline`. Kwenye mashine ya shule unaandika `sudo apt-offline set gimp.sig --install-packages gimp`, unabeba faili hilo dogo kwenye flashi hadi penye intaneti, `apt-offline get gimp.sig --bundle gimp.zip`, unarudi, `sudo apt-offline install gimp.zip`, kisha `apt install gimp` kama kawaida. Inahesabu vitegemezi kwa mashine ileile iliyotoa orodha, kwa hiyo hushushi cha ziada wala hupungukiwi. Na unapoweka kitu cha kujaribu, `--no-install-recommends` inapunguza sana. Mkuu #1 angeitumia, KDE ingeingia nyembamba.

#38 Shangazi Debian
Na ingekuwa na mapengo pia, Ticha. Mtu anaweka hivyo, halafu anakuja hapa kulalamika kitufe fulani hakifanyi kazi.

#39 Ticha wa Maabara
Atakuja, tutamwelekeza. Bando likishakwenda halirudi.

#40 Bandolangu
Nimepitia logi. Kubuntu-desktop nimeiona na orodha yake. plasma-desktop pale imeandikwa `automatic`. Lakini logi ya kati, kipindi kile cha sauti, haina `apt install plasma-desktop`. Kuna tu masasisho yaliyofanywa na programu ya kusasisha ya KDE, ile Discover.

#41 Mlinzi wa Seva
Basi #7 imesimama.

#42 Shangazi Debian
Au Discover ndiyo iliyobadilisha hadhi wakati wa kusasisha. Programu za kubonyeza vitufe kama hiyo zinapita kwa PackageKit, huduma ya kuweka pakeji kwa niaba yake, si kwa amri ya apt. Nisingemwachia Discover bila kumchunguza.

#43 Pwani Code
Nami nabaki na langu kwa Konsole hadi nione aptitude.

#44 Fundi wa Kariakoo
Huku mkibishana, Bandolangu afanye kazi. Kabla ya kitu chochote: `sudo dpkg-reconfigure gdm3`, chagua gdm3, ili skrini ya kuingilia irudi ya GNOME kabla hujaondoa sddm, ile ya KDE. Halafu `sudo apt-mark manual ubuntu-desktop gnome-shell` kama kinga. Halafu `sudo apt-mark auto plasma-desktop okular kate` ili zihesabiwe kama wasaidizi tu, kisha `apt -s autoremove --purge`. Ukiona neno gnome kwenye orodha ya kuondolewa, simama.

Ile `--purge` ni kwa sababu remove inaacha faili za mipangilio kwenye `/etc`. Zilizobaki hivyo utaziona kwa `dpkg -l | grep ^rc`, na `sudo apt purge '~c'` inazimaliza. Folda yako ya nyumbani haiguswi na yoyote kati ya hizi: `~/.config/kdeglobals` na wenzake utafuta mwenyewe.

#45 Mint Asubuhi
Na kabla ya hayo, Timeshift. Sisi wa Mint inakuja tayari, kwenye Ubuntu `sudo apt install timeshift`. Picha ya mfumo kwanza, ubishi baadaye.

#46 Bandolangu
Diski yangu ndogo Mint, picha itakaa wapi?

#47 Mint Asubuhi
Diski ya nje. Ila iwe ya ext4, Timeshift haikubali FAT wala NTFS.

#48 Bandolangu
Asanteni wote. Nimefanya ya Fundi kwa kuigiza. Orodha ni ndefu, Plasma imo, Dolphin imo. Neno gnome halimo isipokuwa mstari mmoja: `kde-config-gtk-style`, sio gnome lakini ina gtk. Hiyo niisimamie?

#49 Fundi wa Kariakoo
Hiyo ni ya KDE, inapamba programu za GTK, yaani zilizojengwa kwa zana za GNOME, zikiwa ndani ya KDE. Iache iende.

#50 Kisiwani
Konsole imo kwenye orodha?

#51 Bandolangu
Haimo.

#52 Pwani Code
Aptitude, ndugu yangu. Tubandikie hapa.